Sarafu Yenye Tundu na Ndugu Yake

Ninyi vijana mnaokuja hapa kwangu Nyarero na soda moja ya kugawana watu watatu, mkitaka niwafundishe kupoteza sarafu, nimeona niwaandikie. Nikisema kwa mdomo hamsikilizi, mnaangalia mikono. Na mikono ya mtu wa mazingaombwe aliyestaafu ni kama jembe lililoachwa mvuani: umbo lipo, kazi imekwenda. Someni. Mkimaliza, rudisheni chupa ya soda, mama Ghati ananidai mimi wakati waliokunywa ni ninyi.

Kwanza mnijue. Mimi ni mtu wa nyumbani. Sekondari nilipelekwa bweni, alfajiri ya kwanza nikasikia jogoo asiye wa kwetu akiwika, nikafunga sanduku langu. Kidato cha nne nilikimaliza nikitembea kwa miguu kutoka kwa mama kila siku. Mtu wa namna hiyo akaenda kuchagua kazi ya kuzunguka minadani na machimboni, kote ambako dhahabu iliitisha watu. Ndiyo maana sikuwahi kutulia. Nikiwa njiani, roho iko jikoni kwangu. Nikiwa jikoni, mkono unawasha unataka sarafu. Hata sasa naandika nimesimama, mbuzi wa jirani ananiangalia kama anajua nitashindwa.

Mnapenda kuuliza, kwa nini yenye tundu? Kwa sababu sarafu nzima ikipotea, mjinga wa mwisho mnadani anajua iko kiganjani. Lakini hii unaipitisha kwenye kamba ya kiatu, unawapa wanaume wawili wavute kamba huku na huku, na sarafu inaning'inia katikati, kila mtu anaiona. Unafunika kwa leso kidogo tu. Leso ikitoka, kamba bado iko mikononi mwao, sarafu haipo. Hapo hawakuangalii wewe, wanaangaliana wao kwa wao, kila mmoja anamshuku mwenzake. Na wakati wanashukiana, wewe ndiyo unafanya kazi.

Aliyenifundisha ni Okello, mume wa shangazi yangu, upande wa Migori. Alikuwa mrefu, anaongea polepole, na alikuwa na tabia ya kukurudishia saa yako kabla hujajua imeondoka.

"Mwita," aliniambia, "usitafute sarafu nzuri. Tafuta sarafu yenye ndugu. Moja ni pambo. Mbili ndiyo kazi."

Maana yake ni kwamba ile inayopotea siyo ile inayorudi. Lazima ziwe mbili zinazofanana hata kwa mikwaruzo. Moja inaingia kwako, nyingine umeshaitega mahali mapema. Na akaniachia sharti moja: "Kilichopotea mbele ya watu kirudi mbele ya watu. Hata mvua ya mawe inyeshe. Ukiondoka kabla hakijarudi, umewaachia kitu ambacho watakimalizia wenyewe, na hutapenda watakavyokimalizia."

Sharti hilo nililielewa vizuri sana, kama nilivyoelewa aljebra.

Sasa kuhusu kuzipata. Wengi wenu mmeshafikiria kutoboa ya kwetu. Na mimi nilifikiria. Nilimpelekea fundi baiskeli shilingi mia, akaibana, akaitoboa kwa msumari wa moto na matusi. Tundu likatoka pembeni, likapita kwenye sikio la mtu mkubwa aliyechorwa pale, na ukingo wake ukakata kamba ya kiatu mbele ya watu mnadani. Sarafu ikaanguka kwenye kinyesi cha ng'ombe. Mzee mmoja akasema, "Hiyo kweli imepotea." Fundi naye hakunionea huruma, alisema anaogopa kufungwa kwa kutoboa hela ya serikali, nikamlipia woga.

Kuna zile senti kumi za zamani za Afrika Mashariki, kubwa, za rangi ya udongo. Bibi zenu wanazo. Lakini kila mtu hapa anazijua, na kitu kinachojulikana hakishangazi. Halafu zimesuguliwa na mikono mingi mno, huwezi kupata mbili zilizochakaa sawasawa. Tena bibi akiwa ameifunga kwenye shanga za marehemu mama yake, usimguse. Niliwahi kuomba. Nilifukuzwa kwa mwiko.

Kwa hiyo ni za nje. Wadenmaki wanazo, nyeupe, zina vimioyo pembeni. Nzuri, lakini mchimbaji ataacha kuangalia mchezo akuulize mioyo ni ya nini. Za Wanorwe ni nzito, zinalia zikigongana. Za Wajapani ziko mbili, nyeupe na ya njano. Ile ya njano, vijana wangu, ina suke la mpunga, na tundu lake limezungukwa na meno kama ya gia ya baiskeli. Ukingo laini kama ukucha wa mtoto. Haina uzito wa kukusaliti. Kamba ya kiatu inapita, haikwami.

Na msiende kwa wabadilisha fedha. Huko ndiko kila mtu anakimbilia. Wabadilisha fedha wanataka noti, sarafu za nje hawazigusi. Ndiyo maana zinabaki kwenye makopo ya madereva wa watalii, na kwa wanaofua nguo mahotelini, maana mgeni anasahau mfuko wa suruali. Tafuteni mtu anayefua. Mimi zangu mbili za Kijapani nilizipata Mugumu, kwa dereva aliyezitoa kwenye kisanduku cha gari kama mtu anayetoa kunguni.

"Chukua," alisema. "Nilipewa bakshishi. Benki wamezikataa, dukani wamezikataa, hata mwanangu nimempa achezee kazikataa."

Nikazipanga moja juu ya nyingine, nikachungulia kwenye tundu. Nikaona mwanga mmoja tu. Mapacha. Nilirudi nyumbani naimba, na mnajua siimbi.

Sasa hapo ndipo akili ya kidato cha nne ilipofanya kazi. Nikajiuliza, sarafu yenye rangi ya dhahabu niipeleke wapi? Nikajijibu: kwa watu wa dhahabu.

Wakati ule Nyakunguru ilikuwa imejaa. Watu walikuwa wametoka kila upande kwa ajili ya rashi, zile mbio za dhahabu, wanalala kwenye maturubai, wanachimba maduara yanayoingia chini mpaka sauti ya mtu aliye ndani inakufikia ikiwa imechoka. Kwenye duara moja msimamizi alikuwa Marwa, wa rika langu, tumechunga pamoja. Marwa alikuwa ameuza ng'ombe zake zote kuingia kwenye lile shimo. Ng'ombe za Mkurya, mnaelewa. Mkewe alikuwa ameacha kumsalimia. Lakini siku ile walikuwa wamegusa mshipa wa dhahabu, mweupe una vidoa, na wote walikuwa wanacheka ovyo.

Nikafungua leso pale pale mdomoni mwa duara. Nilishamtegea Marwa ile ya pili kwenye pindo la kofia yake ya sufu, nilipokuwa namkumbatia kwa salamu. Kamba, sarafu, leso. Ikapotea, yaani iliingia mfuko wa shati langu. Nikafanya kama naitupa shimoni, wote wakachungulia. Kilichobaki ni mimi kusema, "Marwa, vua kofia," na hapo ndipo watu hupiga makofi na kutoa chochote.

Nikaangalia juu. Wingu lilikuwa limekaa juu ya vilima vya nyumbani. Nikafikiria mto, nikafikiria kitanda changu upande wa pili wa mto, nikafikiria Boke, mama Ghati wenu huyu, ameshapika. Mtu wa nyumbani akishafikiria kitanda, amekwisha.

"Mura, unaenda wapi?" Marwa aliniuliza. "Iko wapi?"

"Itarudi yenyewe," nikamwambia, na nikapanda baiskeli.

Nilivuka mto maji yakiwa kifuani, baiskeli kichwani. Nikafika, nikavua shati, nikalala. Alfajiri Boke alifua lile shati na kufanya kazi zake, halafu akaondoka kwenda kwao, upande wa Kenya, mama yake alikuwa mgonjwa. Nilimsikia akiaga. Nikajibu kwa blanketi.

Asubuhi hiyo hiyo kule Nyakunguru, Marwa alikuwa chini ya duara. Walikuwa wanafuata mshipa, na mshipa ukakata. Wanaochimba wanajua, hutokea: unafuata kitu kama mkono wako halafu jiwe jeusi tu, kama vile hapakuwahi kuwa na kitu. Marwa akavua kofia ajikune kichwa. Kikadondoka kitu miguuni pake, kikang'aa kwenye tochi. Cha njano. Kina tundu. Kina maandishi ambayo hakuna mtu aliyeyajua.

Okello alisema watamalizia wenyewe. Walimalizia kabla ya chai: Mwita kauroga mshipa, kaondoka nao.

Walipofika kwangu sikupigwa, niseme ukweli. Marwa alisimama mlangoni, sarafu ameifunga kwenye kitambaa, hataki iguse ngozi.

"Ulisema itarudi yenyewe," alisema. "Imerudi. Sasa na wewe rudisha ulichochukua."

"Marwa, ni mchezo. Umeniona nikicheza tangu tukiwa watoto."

"Tangu watoto ulikuwa unacheza na punje za mahindi. Hii siyo hindi."

Jambo likaenda kwenye ritongo, baraza la wazee, ambalo likisema neno halina rufaa dukani wala kanisani. Nilisimama katikati, nikaeleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyosikika mwongo. Fikirini wenyewe: kazi yako ni kudanganya macho, halafu unaomba macho yakuamini. Mzee Nyamhanga, aliyekuwa anaongoza, aliniacha nimalize. Aligeuza ile sarafu kwa kijiti.

"Wewe unasema hiki ni kitu cha dukani, kimetengenezwa kiwandani huko mbali."

"Ndiyo, tata," nikamjibu, maana mzee kwetu ni baba.

"Kitu cha dukani kina ndugu. Jembe lina ndugu, sufuria ina ndugu. Kitu cha mganga hakina, kinatengenezwa kimoja kwa ajili ya mtu mmoja. Lete ndugu yake. Siyo anayefanana naye kwa mbali. Ndugu wa tumbo moja. Ukimleta, ni mchezo. Usipomleta mpaka tukutane tena baada ya mnada, hakuna atakayekuomba moto wala kukupa, ng'ombe wako hawatakunywa na wetu, na utatafuta pa kujenga."

Pa kujenga. Mimi, niliyeshindwa bweni.

Nilitembea haraka bila kukimbia, maana anayekimbia anaonekana ana hatia. Nikaingia ndani, nikachukua shati kwenye kamba. Mfuko ulikuwa umechanika chini, hauna kitu. Nikakumbuka mto, maji kifuani. Nikakaa chini. Ndugu wa tumbo moja alikuwa anaelekea ziwani.

Hapo ndipo nilipojifunza yote niliyowaandikia juu, tena kwa mguu. Nilienda Sirari kwa vijana wa kubadilisha fedha.

"Mzee, hizo za shimo ziliisha kitambo," mmoja aliniambia kwa Kiswahili chao cha ng'ambo. "Si uchukue dola tu kama watu?"

Mwingine akaniitia mama muuza vitambaa, na mama akatoa kwenye sanduku moja ya njano, yenye tundu. Nikaiweka kiganjani. Ilikuwa ya Kihispania, ndogo kama kifungo. Nyamhanga angesema huyo ni binamu. Nikainunua hata hivyo, kwa woga.

Nikapanda baiskeli kwenda Mugumu, njia yote ile. Kila kilima nilichopanda nilikuwa najiuliza kama moshi wa kwangu bado unaonekana kutoka barabarani. Dereva wangu alikuwa ameacha kazi. Nikaelekezwa kwa mtu aliyekuwa anafua hoteli ya watalii, siku hizo amehamia karibu na bwawa la Manchira anauza mboga. Alinipokea vizuri, akamimina kopo lote juu ya gunia. Wadenmaki, Wanorwe, vifungo, jino la dhahabu la mtu. Hata Mjapani mmoja, lakini mweupe.

"Huyu si anatoka huko huko?" aliniuliza.

"Anatoka huko huko. Ila si wa tumbo moja."

"Kaka, unatafuta hela au unatafuta ukoo?"

Nikacheka, halafu nikaona nalia kidogo, nikamsaidia kumwagilia mchicha ili asione.

Wakati wote huo sikupika. Mtu wa nyumbani asiyejua kuwasha jiko ni kichekesho cha Mungu. Nilikula mahindi ya kuchoma njiani, nikirudi nalala. Sufuria zilikaa kichwa chini kama Boke alivyoziacha, jiko baridi, na majirani walishaanza kupunguza salamu, wanaangalia miti nikipita.

Boke alirudi jioni ya kuamkia baraza. Habari ilishavuka mpaka na kumfikia, kama kawaida ya habari. Alishusha mzigo, akawasha moto, akapika ugali wa mtama na muhogo.

"Kula," alisema. "Wakikufukuza, ufukuzwe umeshiba."

"Nimetafuta mpaka Manchira."

"Nimesikia. Mtu asiyeweza kwenda kisimani ameenda Manchira."

Kwenye jiko kulikuwa na sufuria ya mboga. Ikaanza kuchemka, kifuniko kikawa kinacheza. Kile kifuniko nilikuwa nimeambiwa tangu masika nikitengeneze, kishikio kilikuwa kimeng'oka, tundu limepanuka, mvuke unamchoma Boke mkono. Sasa kilikuwa na kishikio. Kipande cha mti, kimeshikwa na msumari, na chini ya mti, kati yake na bati, kulikuwa na duara la njano. Mvuke ulipopita nikaona suke la mpunga.

Nilinyoosha kidole.

"Hiyo?" Boke alisema. "Ilikuwa kwenye lile shati nilipofua, imekwama kwenye pindo la mfuko. Nikasema angalau mara moja huyu mwanamume kaleta kitu cha jikoni. Tundu lake linaingia msumari sawasawa. Ningekungoja wewe ningeungua mpaka uzee."

Nikakimbilia koleo. Akanishika mkono.

"Usithubutu. Nimeupinda msumari kwa chini nikaugonga kwa jiwe. Ukiung'oa, bati linapasuka. Mama yangu ndiye aliyenipa hiki kifuniko."

"Boke, ni maisha yangu."

"Na hicho ni kifuniko changu. Wazee wakitaka kuiona, nenda nacho."

Ndivyo ilivyokuwa, vijana. Nilivaa koti la harusi, nikaenda mbele ya ritongo nimebeba kifuniko cha sufuria kwapani. Nilipopita watu walidhani nimechanganyikiwa, wengine wakaanza kunihurumia, jambo ambalo lilinisaidia baadaye. Kilikuwa bado kinanuka mboga.

Mzee Nyamhanga alikipokea kwa mikono miwili. Akakigeuza. Akamwambia Marwa alete ile nyingine, akaiweka pembeni ya kishikio, uso kwa uso. Suke kwa suke. Meno kwa meno. Halafu akakinusa kile kifuniko.

"Hii imefunika nini?"

"Mnavu, tata. Jana."

"Umekula?"

"Nimekula. Na mke wangu amekula."

Akawageukia wenzake. "Mimi ni mzee. Nimeona uchawi wa kuzika, wa kunywesha, wa kutupia. Uchawi wa kufunika mboga sijauona." Kuna mtu alicheka nyuma, akajizuia, mwingine akashindwa kujizuia, na baraza zima likafuata.

Marwa peke yake hakucheka. Alikuwa amekonda. "Nimekubali ni ya dukani," alisema. "Nimekubali ina ndugu. Lakini iliingiaje kwenye kofia yangu? Mwita, niambie hilo tu. Siwezi kurudi chini ya lile shimo nisipojua."

Okello alinifundisha kwamba njia haionyeshwi, hata kwa mke. Nilimwangalia Marwa, mtu aliyeuza ng'ombe zake zote, anaogopa kofia yake mwenyewe. Nikamwomba aivae. Nikamkumbatia tena, polepole, mbele ya wote, na kidole changu kikafanya kilichofanya siku ile, kila mtu akikiona. Halafu kamba, leso, na jinsi inavyotoka. Yote.

"Ni hivyo tu?" Marwa alisema.

"Ni hivyo tu."

"Ni kitu kidogo hivyo?"

Alivua kofia, akashika uso wake, na nadhani hapo ndipo alipopumua.

Mshipa haukurudi. Walichimba pembeni, wakahama, rashi ikaenda kwingine na Marwa akaenda nayo. Sarafu hakunipa. Alisema inakaa kwake, na aliipitisha uzi akaivaa shingoni, mtu aliyekuwa haitaki iguse ngozi.

Mimi nilibaki na nyumba yangu. Ila kabla ya wiki kwisha, kila mtoto wa Nyarero alikuwa ananikumbatia na kunitegea kokoto kwenye kofia. Hapa karibu hapakuwa tena na mtu wa kumdanganya. Wazee walinirudishia kitanda, na kazi ikanitoa kitandani: nilihamishia mazingaombwe upande wa Serengeti, nikaenda na baiskeli hadi goti likakataa. Walinisamehe nisifukuzwe, nikawa najifukuza mwenyewe kila Jumatatu.

Sasa nimestaafu, niko nyumbani siku nzima kama nilivyotaka tangu jogoo yule, na mguu bado unacheza chini ya meza. Mkitaka kuanza na mbili zinazofanana, mtafuteni Marwa, kama yu hai. Ndugu yake mnamjua, mnamwona kila mkija, na mama Ghati hajabadilisha neno lake.

Nasikia jikoni kifuniko kimeanza kugonga. Ngoja niende nikaangalie kama bado ipo.